Kulala Kitisuru, Kusali Holy Family

Swali linakuja kwa sauti tofauti, lakini ni lile lile. Leo ni mama wa Bungoma aliyealikwa harusi ya mpwa wake. Kesho ni wanakwaya wa Machakos, au wanandoa wa Arusha wanaotaka kuhudhuria misa moja ya Jumapili katika basilika waliyozoea kuiona kwenye kalenda. Wote wameingia mtandaoni kutafuta kitanda na kiamshakinywa karibu na Holy Family, na kati ya majibu imejitokeza nyumba yenye bustani, mashuka meupe na bakuli la matunda, iliyoko Kitisuru. Bei inavutia. Je, ni karibu?

Jumapili asubuhi, ndiyo. Jumatatu asubuhi, hapana. Anayetafuta malazi ya kwendea kanisani Nairobi hukosea pale anapopima ukaribu kwa ramani badala ya kuupima kwa saa ya misa.

## Thibitisha kanisa kabla ya kitanda

Basilika Ndogo ya Familia Takatifu iko katikati ya jiji, pembeni mwa City Hall Way na Parliament Road, jirani kabisa na Bunge, makao ya kaunti na jumba la KICC. Ilichorwa na Dorothy Hughes, msanifu majengo aliyekuwa pia mwanasiasa wakati wa ukoloni. Ujenzi ulianza 1960, kanisa likakamilika 1963, na mwaka 1982 likapewa hadhi ya basilika. Huingiza watu wapatao 4,000, na siku kuu nafasi hizo hazitoshi: waliochelewa hufuata ibada wakiwa nje.

Kosa la kwanza hutokea hata kabla ya kulipia chumba. Mgeni anamwambia dereva "nipeleke cathedral", naye dereva anampeleka All Saints, kanisa kuu la Waanglikana lililo karibu na Uhuru Park. Dereva hana hatia. Taja jina kamili, Holy Family Basilica, na uongeze "ile ya karibu na Bunge".

Kosa la pili ni zito zaidi: wapo wanaotafuta chumba karibu na Holy Family ilhali shughuli yenyewe iko kwingine. Soma tena kadi ya mwaliko. Huenda imeandikwa mojawapo ya hizi:

- Consolata Shrine, Westlands. Kwa hii, Kitisuru ni chaguo zuri hata siku za kazi, kwa sababu huingii mjini kabisa.
- St. Joseph the Worker, Kangemi. Ni parokia ya Wajesuiti ambayo Papa Fransisko aliitembelea tarehe 27 Novemba 2015, siku moja baada ya misa yake iliyonyeshewa mvua katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kangemi na Kitisuru ziko katika eneobunge moja la Westlands, ila kati yao kuna Loresho na mabonde. Kwa macho ni hapo tu; kwa gari unazunguka.
- St. Austin's, Msongari. Iko James Gichuru Road. Misheni hii ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1899, Nairobi ikiwa bado kambi ya reli. Shule za Loreto Msongari na St. Mary's ziko eneo hilo hilo, kwa hiyo siku za masomo asubuhi barabara hujaa magari ya wanafunzi.
- Resurrection Garden, Karen. Mabaki ya Kadinali Maurice Otunga yalihamishiwa hapa mwaka 2005. Kama hapa ndipo uendako, sahau Kitisuru. Utavuka jiji upande hadi upande. Tafuta nyumba Karen au Lang'ata.

## Kitisuru penyewe

Ni mtaa wa kaskazini-magharibi mwa jiji, takriban kilomita 10 kutoka Holy Family kwa barabara. Palikuwa mashamba ya kahawa. Leo ni nyumba kubwa zenye ua mrefu, miti, mbwa, na ukimya ambao mtu wa Eastleigh au Umoja huuona kama kilema usiku wa kwanza. Barabara za kujua ni Lower Kabete Road, Kitisuru Road, Ngecha Road na Peponi Road.

Jumapili saa moja asubuhi gari hutoka Kitisuru hadi mjini kwa dakika 20 hadi 30. Siku ya kazi, muda huo huo wa asubuhi, Lower Kabete Road hujaa tangu Spring Valley, Westlands huongeza msongamano wake, na kutoka Museum Hill hadi Uhuru Highway hakuna wa kukuhurumia. Saa nzima huisha ukiwa bado unatazama mgongo wa lori. Mvua ikinyesha, ongeza tena.

Kwa hiyo Kitisuru inamfaa:

- anayekuja kwa misa ya Jumapili au harusi ya Jumamosi, mwenye gari au aliye tayari kulipia teksi;
- familia yenye watoto au mzee anayehitaji usingizi na bustani ya kukalia;
- anayechanganya ibada na shughuli za Gigiri kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, au za Kenya School of Government na kampasi ya Lower Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Haimfai anayetaka misa ya kila asubuhi Holy Family, wala anayetegemea matatu na miguu, wala anayefika kwa basi la usiku na mizigo mitatu.

Jambo jingine: jina Kitisuru huuza, na wenye nyumba wanajua hivyo. Tangazo linaweza kusema "Kitisuru" huku nyumba yenyewe iko Mwimuto, ng'ambo ya mpaka katika Kaunti ya Kiambu, au ndani kabisa Loresho, au kwenye ukingo wa Kangemi. Hakuna ubaya wowote wa kulala Mwimuto, mradi ujue ndiko unakokwenda. Omba mwenyeji akutumie pini ya ramani kwa WhatsApp kabla ya kulipa, kisha pima mwendo kutoka kwenye pini hiyo. Na upimie siku na saa utakayosafiri. Ukipima Jumanne usiku wa manane, simu itakupa jibu tamu lisilo na maana.

## Malazi ya aina tatu

Chumba katika nyumba ya mtu. Ndiyo "kitanda na kiamshakinywa" halisi, na ndiyo inayopatikana zaidi Kitisuru. Mwenyeji anaishi humo humo, watoto wamehama, vyumba vimebaki. Chai utaandaliwa. Utahojiwa pia kidogo kuhusu kwenu na kabila la mjomba wako. Pokea tu, ni sehemu ya huduma.

Nyumba au fleti ya kukodi kwa siku. Hizi ndizo kila mtu anaziita Airbnb, hata zikipangwa kupitia Facebook. Unapewa ufunguo na jiko. Mara nyingi kiamshakinywa humaanisha majani ya chai kabatini na maelekezo ya duka lilipo. Soma vizuri.

Nyumba za wageni za kanisa. Hizi haziko Kitisuru, lakini inafaa kuzijua kwa sababu huenda ndizo ulizokuwa unazihitaji tangu mwanzo. Flora Hostel, 5th Ngong Avenue, huendeshwa na Masista wa Consolata na iko karibu na jiji kuliko Kitisuru kwa mbali sana. ACK Guest House ya Bishops Road ni ya Waanglikana. Methodist Guest House iko Oloitoktok Road, Lavington. Huulizwi kadi ya ubatizo mlangoni. Mkatoliki hulala kwa Wamethodisti na Mpentekoste hulala kwa masista, na asubuhi wote wanagombea sufuria moja ya uji.

Masharti ya nyumba hizi yanajulikana, ila wageni husahau kuyauliza: geti hufungwa saa fulani usiku, pombe hairuhusiwi, wageni wa mgeni huishia mapokezi, na vyumba vya kitanda kimoja huwa vingi kuliko vya wanandoa. Tena si za sadaka. Zina bei kama nyumba nyingine, na malipo hayo ndiyo yanayosaidia kulipa mishahara na gharama za shirika. Kufika bila kupiga simu ukitumaini kuonewa huruma ni kumtia sista katika aibu isiyo yake.

## Ujumbe wa kwanza

Wengi huandika "Niaje, room iko?" kisha wanashangaa kukosa jibu. Ujumbe mmoja wenye habari zote huokoa simu tano. Kwa nyumba ya masista, kitu kama hiki kinatosha:

*"Habari za asubuhi, Sista. Ninaandika kutoka Bungoma. Naomba kujua kama mna chumba cha vitanda viwili kwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi wiki ijayo. Ni mimi na mama yangu. Ana miaka 74 na hawezi ngazi. Je, bei ni ya chumba au ya kila mtu, na kiamshakinywa kimo ndani? Jumapili tutatoka saa 12 na nusu asubuhi kuelekea misa Holy Family. Asante, Mungu awabariki."*

Kwa mwenyeji wa kawaida badilisha salamu, lakini acha yote mengine. Jambo la mama na ngazi ndilo husahaulika mno. Nyumba za Kitisuru zimejengwa kwenye miteremko, na chumba kinachoitwa cha chini kinaweza kuwa na ngazi kumi za mawe kutoka bustanini.

Andika saa kwa uangalifu. "Tutafika saa 2" kwa mwenyeji aliyezoea programu za Kizungu ni mchana, kwako ni usiku, na askari wa getini hakupewa taarifa na yeyote. Andika "saa 2 usiku", ukitaka uongeze 8 pm pembeni.

## Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa shilingi

1. Bei ni ya chumba au ya mtu? Ugomvi mwingi wa asubuhi ya kuondoka huanzia hapa.
2. Kodi zimo? Nyumba rasmi zinaweza kuongeza VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Uliza bei ya mwisho kabisa.
3. Kuna bei ya mkazi na bei ya mgeni wa nje? Mtanzania na Mganda waulize kama wanahesabiwa Afrika Mashariki au "nje". Tofauti huwa kubwa, na mara nyingi hupunguzwa kwa kuuliza tu, hati ya kusafiria ikiwa mkononi.
4. Stima ikipotea kuna jenereta? Maji yakikatika kuna tangi au kisima? Mtaa wa kifahari haumkingi mtu na mgao wa maji.
5. Maji ya moto yanatoka wapi? Kama ni shawa ya umeme, stima ikienda nayo imekwenda. Kama ni jua, Julai ya mawingu usiitegemee saa 11 alfajiri.
6. Kuna blanketi la ziada? Wageni wa Mombasa na Dar es Salaam hudharau swali hili. Kati ya Juni na Agosti Kitisuru ni baridi kweli kweli, na nyumba hazina vipasha joto isipokuwa mekoni.
7. Mbwa wanafunguliwa saa ngapi, na nani atafungua geti alfajiri?
8. Kutoka mwisho saa ngapi, na mizigo inaweza kubaki?
9. Mna leseni ya Tourism Regulatory Authority? Sheria ya Utalii ya 2011 inazihusu nyumba za wageni pamoja na vyumba katika makazi ya watu. Mwenye leseni hujibu kwa fahari. Anayekwepa swali amekwisha kujibu.

Swali la 7 linaonekana dogo. Siyo. Mitaa mingi ya Kitisuru ina vizuizi vya ulinzi barabarani mbali na geti la nyumba, na dereva wa teksi akifika saa 12 asubuhi ataulizwa anamfuata nani. Bila taarifa, hapiti. Mwombe mwenyeji aache jina lako kwa walinzi tangu jioni.

## Kiamshakinywa na saa moja ya mfungo

Hapa ndipo wauza vyumba na wenye kusali wanapopishana. Nyumba nyingi huandaa chai kuanzia saa 1 asubuhi, na Jumapili, mpishi akiwa mapumzikoni, hata saa 2. Mgeni wa misa ya kwanza amekwisha kuondoka. Amelipia mayai ambayo hakuyaona.

Kanisa linadai mfungo wa saa moja kabla ya kukomunika, si kabla ya misa kuanza. Maji na dawa haviuvunji, na wazee na wagonjwa, pamoja na wanaowahudumia, hawafungwi na sharti hilo. Maana yake mama wa miaka 74 mwenye kisukari hana haja ya kwenda mjini na njaa. Mpe uji.

Wengine wana njia tatu:

- kuomba chai mapema na kumaliza kula kabla ya kuondoka; mwendo wa gari na liturujia ya Neno vitakula ile saa moja;
- kuomba kifungashio, yaani mandazi, yai la kuchemsha, ndizi na chupa ya chai, vya kuliwa baada ya misa (usifungie kwenye mfuko wa plastiki; ile ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017);
- kusali misa ya baadaye na kula mezani kama mtu wa likizo.

Uliza pia kiamshakinywa ni nini hasa. Kwa mwenyeji mmoja ni chai ya maziwa, nduma, viazi vitamu, mayai, soseji na matunda. Kwa mwingine ni vipande viwili vya mkate na siagi iliyopakwa kwa mkono mzito wa ubahili. Wote wawili wameandika neno moja kwenye tangazo.

## Fedha: hapa ndipo watu huumia

Ulaghai wa malazi hauhitaji ujuzi mkubwa. Picha za nyumba ya mtu mwingine, bei nzuri kupita kiasi, na haraka: "Kuna mteja mwingine anakuja jioni, tuma amana sasa." Kabla ya sikukuu watu hulipia vyumba ambavyo havipo.

- Lipa kwa Till au Paybill ya M-Pesa yenye jina la nyumba, si kwa namba ya simu ya "msaidizi".
- Ukituma M-Pesa, jina la mpokeaji huonekana kabla ya kukamilisha. Lisome. Kama uliambiwa unamtumia mwenye nyumba, na jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, simama.
- Ukikosea namba, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja kuomba fedha zirudishwe. Hilo ni kwa makosa. Tapeli aliyekwisha kutoa pesa harudishi.
- Omba simu ya video ya dakika mbili kutoka ndani ya chumba. Mwenyeji wa kweli atacheka na kukuonyesha hadi chooni.
- Kama umepata nyumba kupitia tovuti ya kupangia vyumba, maliza malipo humo humo. Anayekutoa nje ya tovuti kwa kukupunguzia bei anakutoa pia nje ya ulinzi wake.

Amana ni jambo la kawaida. Kulipa yote wiki tatu kabla kwa mtu usiyemjua si jambo la kawaida, hata akikutumia mstari wa Zaburi.

## Kufika na kurudi

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ile barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imebadilisha hesabu tangu 2022. Inakuvusha jiji lote na kukushusha Westlands, na Kitisuru inakuwa mbele kidogo. Mwulize dereva kabla: ushuru wa barabara umo katika nauli au ni juu yako? Bodaboda haziruhusiwi huko juu.

Kwa matatu, zipo zinazopita Lower Kabete Road kuelekea Wangige. Zinakuacha barabara kuu. Kutoka steji hadi nyumba inaweza kuwa kilomita mbili za mteremko bila njia ya watembea kwa miguu. Mchana ni matembezi mazuri. Usiku chukua teksi. Kwenda mjini, wengi huteremka Westlands na kupanda nyingine, na kutoka steji za mjini hadi Holy Family ni mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu. Simu iwe mfukoni, si mkononi.

Teksi ya alfajiri ya Jumapili iagize usiku. Kitisuru haina madereva wanaozurura saa 11, na programu ya simu inaweza kuzunguka hadi misa ianze. Mwenyeji ana dereva wake anayemwamini karibu kila mara. Kubali bei yake hata ikizidi kidogo.

## Siku za kuogopa

Ijumaa Kuu, Njia ya Msalaba hupita mitaani na barabara za kati hubana. Jumamosi ni siku ya harusi, na msafara mmoja wenye maua unatosha kuziba mlango. Basilika kupakana na Bunge nako kuna gharama yake: siku za maandamano, kama ilivyoonekana tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji walipoingia bungeni, mitaa ya pale hufungwa na polisi na mabomu ya machozi hayachagui waumini. Ukisikia tangazo la maandamano, sali Westlands siku hiyo. Misa ni ile ile.

## "Lakini…"

"Si bora nilale mjini, nitembee hadi kanisani?" Kwa msafiri wa peke yake mwenye misa za kila siku, ndiyo, bora. Tafuta hoteli upande wa juu wa Moi Avenue. Vyumba vya bei ya chini vya River Road viko karibu vilevile, ila Jumamosi usiku muziki wa baa hauzimwi, na baadhi hupangishwa kwa saa. Mama wa Bungoma asingelala.

"Nyumba za watu binafsi si hatari?" Hofu hii ina msingi. Januari 2024 wanawake waliuawa katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi, na serikali ikazibana kuhusu usajili na kumbukumbu za wageni. Mwanamke anayesafiri peke yake achague nyumba ambayo mwenyeji anaishi humo, yenye maoni mengi ya wageni wa hivi karibuni na daftari la wageni getini. Tuma pini kwa ndugu wawili. Na asikubali mtu asiyemjua ampangie chumba, hata kama anajitambulisha kuwa wa kwaya.

"Dada yangu anafanya kazi kwa watu Kitisuru, ataniweka kwenye SQ, chumba chake cha mfanyakazi." Inawezekana, ikiwa mwajiri ameombwa na amekubali mapema. Walinzi huandika wageni, na dada anaweza kupoteza kazi kwa ajili ya usiku mmoja wako. Aombe yeye mwenyewe, ana kwa ana, na ataje siku utakayoondoka. Ukipewa nafasi, nenda na kitu mkononi: unga, asali, ndizi za kwenu.

"Tuko thelathini." Basi Kitisuru haiwawezi. Zungumzeni na ofisi ya parokia yenu iandike barua kwa nyumba ya mafungo au hosteli ya shule wakati wa likizo. Vikundi hupokelewa kwa barua yenye muhuri haraka kuliko kwa simu ya mwenyekiti wa kwaya. Basi lenu nalo litahitaji mahali pa kuegesha. Ulizeni Holy Family mapema, kwa sababu uwanja wao si mkubwa.

## Siku ya kuondoka

Muda wa kutoka vyumbani huwa saa 4 asubuhi, na misa mliyoichagua huenda ikaisha baada ya hapo. Usibebe masanduku kanisani. Mikoba hukaguliwa getini, na sanduku la magurudumu kwenye foleni ya waumini huwachelewesha watu wote. Acha mzigo kwa mwenyeji na urudi kuuchukua, au, kama basi lako linaondokea Accra Road mchana, uache kwenye ofisi ya kampuni ya basi asubuhi njiani, ukiwa na risiti yake.

Baada ya misa usimwite dereva aje Parliament Road; walinzi wa Bunge humfukuza kabla hujavuka. Tembea hadi upande wa KICC, City Hall Way, na umngoje hapo.